Taa Nyeupe Barazani kwa Zachary

Mume wangu alikufa mara mbili, na mara zote mbili taa ndiyo iliyovuruga mambo. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Siku hiyo hiyo mimi pia nilikuwa nimekufa, ila mimi sikuwa nimepata habari.

Nianze na tyubu, maana bila tyubu hakuna kisa. Zachary Mukhisa alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mahindi pale Kitale kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu tukarudi kwetu Bokoli, huku Bungoma, na kwa kuwa waya wa stima ulikuwa unapita mbele ya lango letu kwenda sokoni, akauingiza nyumbani. Vyumba vitatu na baraza, balbu nne, zile za mviringo zenye uzi ndani. Nilizipenda zile balbu. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, ugali ukawa na rangi ya ugali na mtu akawa na rangi ya mtu. Usiku wa baridi ungeweza hata kupashia viganja moto.

Kumbe hilo joto ndilo lililomkera. Siku moja alikwenda Kitale kumwona rafiki yake Abdi, mwenye duka la vifaa vya stima, na Abdi akamwambia kwamba balbu ni jiko, mtu analipia moto badala ya mwanga. Zachary akarudi na tyubu nne, zile taa za mrija wa kioo, kila moja ndefu kama mpini wa jembe, pamoja na choki zake na stata zake, vile vifaa vya kuziwasha. Akazifunga mwenyewe siku nzima, moja sebuleni, moja chumbani, mbili jikoni. Jikoni zilikuwa mbili kwa sababu Abdi alimwambia ni dawa ya moshi, na Zachary alikuwa mtu wa kuamini dukani na kubisha nyumbani. Ile balbu ya baraza akaiacha mahali pake lakini akakataza isiwashwe.

Jioni akabonyeza swichi. Tyubu zikapepesa, zikasita, zikapepesa tena, kisha zikawaka zote huku zikivuma kama nyuki. Nikamtazama mume wangu upande wa pili wa meza na hamu ya kula ikaniisha. Alikuwa wa kijivu. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Maziwa kwenye kikombe yalionekana kama chokaa.

"Baba Nabwile," nikamwambia, "hii ni taa ya matanga."

Sikuwa natukana. Wakati ule Bokoli kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye jenereta ya kukodisha, naye alikuwa na tyubu zake ambazo alizifunga kwenye miti ya mikaratusi nje ya nyumba yenye msiba. Mtu mwingine hakuwa nazo. Ukiona mwanga mweupe nje ya boma la mtu, huulizi. Unachukua leso yako, unaokota kuni mbili tatu njiani, unaanza kulia kabla ya kufika langoni. Hata mtoto wa darasa la kwanza alijua hivyo.

"Hii ni taa ya ofisi," Zachary akanijibu. "Ofisini zilikuwa kumi na sita, na hakuna aliyekufa ila Karani Kagwe, naye alikuwa na ugonjwa wa sukari."

Kisha akaja na wazimu wa mita. Mita yetu ilikuwa ukutani, mkabala na mlango wa jikoni, na ndani yake kuna ile sahani ndogo inayozunguka. Zachary akaweka kiti chake chini ya ukuta ule, akavaa miwani, na kila jioni kuanzia saa kumi na mbili hadi chakula kiive akawa anakaa pale akihesabu mizunguko. "Mama Nabwile! Kumi na moja tu!" Kesho yake: "Kumi na moja!" Wageni wakija aliwaonyesha sahani ile badala ya kuwakaribisha chai. Mimi niko jikoni na mwiko mkononi, nimekuwa wa kijivu kama popo, na mume wangu hana neno kwangu ila kumi na moja.

Nisifiche kitu. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, nimemzalia, nimempikia, nimelima shamba lake peke yangu wakati yeye akipeleka barua Kitale, na kitu kimoja tu nilikitaka kutoka kwake. Nilitaka aseme kwa mdomo wake kwamba nyumba ile bila mimi ni giza, iwe na tyubu au isiwe nayo. Hakuwahi kusema. Basi jioni moja nikamuuliza waziwazi.

"Kati yangu na hizi taa, utabaki na nani?"

Akafikiri. Mungu wangu, yule mtu alifikiri! Kisha akasema, "Taa zina waranti ya miaka mitatu."

Kesho yake asubuhi nilipanda juu ya stuli barazani, nikaisukuma ile balbu moja iliyobaki, nikaizungusha, nikaitoa kwenye holda yake. Nikaifunga katika kitambaa cha kichwa na kwenda nayo Kitale kwa binti yetu Nabwile, mtaa wa Tuwani. Zachary alikuwa anatafuta stata na hakuniona nikitoka.

Nilikaa kwa Nabwile wiki tatu. Niliona nitachoka kungoja, lakini nilikuwa nimeapa sirudi mpaka yule mwanamume aje kuniita mwenyewe, kwa maneno, si kwa mizunguko.

Jumamosi ya wiki ya tatu, asubuhi, akaja Kimeli. Kimeli alikuwa kijana kutoka kule Kwanza, karibu na Kitale, jirani ya Nabwile na dereva wa lori la mahindi, na barabara yake ilipita mbele ya lango letu la Bokoli. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Mama, pole," akasema.

"Pole ya nini?"

"Jana nimepita kwenu. Nimeona taa."

"Taa ya nyumbani? Si iko siku zote."

"Ya nje, mama. Ndefu. Nyeupe. Na watu walikuwa wanaingia."

Sasa hapa nataka mnielewe, kwa sababu watu wamenicheka kwa miaka mingi. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba Zachary ana tyubu. Lakini pia nilijua kwamba Zachary hawezi kuwasha taa nje. Amulikie nani, nyasi? Mtu yule alikuwa anazima taa akisimama kukohoa. Taa ya nje kwetu ingewaka kwa sababu moja tu: mwenye kuzima hayupo tena.

Nabwile akakimbia kumwita Abdi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuza. Abdi akaja na mkewe Zulekha, akanihoji kama fundi. Taa ilikuwa nje? Nje. Akatikisa kichwa. "Mimi nimemuuzia nne, mama, na zote nne ni za ndani. Ya nje si yake. Hiyo ni ya kukodi." Zulekha akasema innalillahi, akanishika mabega. Fundi alikuwa amethibitisha. Hakuna aliyeuliza Zachary amekufa kwa ugonjwa gani. Zulekha alikwenda akarudi na sukari na majani ya chai, majirani wakachanga unga, na saa sita mchana tulikuwa juu ya lori la Kimeli, mimi na Nabwile na wanawake saba wa Tuwani ambao hawakuwahi kumwona Zachary na walimlilia kuliko sisi. Balbu yangu nilikuwa nimeipakata.

Tangu tutoke Kitale nilimlilia yule mtu kwa sauti yangu yote. Nilimsifu. Kwetu mjane hasifu kwa kunong'ona. Nilisema jinsi alivyonichimbia kisima kwa mikono yake, jinsi alivyombeba Nabwile mgongoni hadi hospitali mvua ikinyesha na hakutaka hata kupumzika, jinsi alivyokuwa hajanipiga hata siku moja katika kijiji ambacho wenzake waliona hilo ni kasoro. Maneno ambayo sikuwahi kumwambia tukiwa mezani niliyamwaga yote juu ya magunia ya mahindi. Kufika Webuye sauti ilikuwa imekauka na maneno yamekwisha.

Sasa niwaambie kilichokuwa kikiendelea Bokoli, kama nilivyokuja kuelezwa.

Alhamisi ya wiki ile Zachary alikuwa ameihamisha tyubu moja ya jikoni, maana mpishi hayupo, akaifunga barazani. Saa moja jioni akaiwasha. Saa moja na robo shemeji yangu Wamukota, mdogo wake Zachary, akauona mwanga akiwa ng'ambo ya kijito. Wamukota ni mzee wa kanisa na anajua mila zote, na asizozijua huzitunga papo hapo. Akaangua kilio, wake zake wakapokea, na boma zima likavuka kijito. Mbele ya lango wakakutana na majirani walioona vilevile. Wakaingia wakilia, wakamkuta Zachary amesimama barazani, mzima.

Kama Zachary ni mzima, basi aliyekufa ni nani? Nyumba ile ilikuwa na watu wawili, na mmoja hakuwa ameonekana wiki tatu. Hesabu ilikuwa rahisi. Na kwetu mfiwa hasemeshwi, haulizwi. Unakaa kando yake na kulia.

Na Zachary naye? Zachary aliona watu hamsini wanaingia kwake wakilia kwa uchungu. Alijua kwamba yeye hajafa. Alijua pia kwamba kwetu mwenye msiba ndiye huwa wa mwisho kuambiwa. Wazee huja kwanza, wakae, habari itolewe polepole. Basi akawatazama wote, akatafuta uso wangu katikati yao, akaukosa. Akaketi chini sakafuni. Akajua wamepata habari kutoka Kitale na kwamba Mama Nabwile wake hayuko tena.

Wao walilia kwa sababu ya taa yake, naye alilia kwa sababu ya kilio chao. Walipomwona analia, yule mtu wa kumi na moja, hakuna aliyebaki na shaka. Usiku ule alisimama na kunizungumzia mbele ya watu, kwa muda mrefu. Ijumaa wakachimba kaburi. Jumamosi wakaketi kungoja maiti itoke Kitale, kila mtu akidhani mwenzake amekwisha kutuma gari.

Na saa kumi lori likaingia kutoka Kitale, limejaa wanawake wanaolia.

Wanaume wakakimbia kuja kupokea sanduku. Wakashusha ubao wa nyuma. Nikateremka kwa miguu yangu mwenyewe, balbu mkononi, nikipiga yowe la mjane kwa sauti iliyobaki. Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia vile. Mchungaji aliruka ua wa michongoma akiwa na Biblia. Mtu mmoja aliingia kaburini kujificha. Wamukota peke yake alibaki, nadhani kwa kuwa miguu ilimgomea.

"Shemeji," akasema, "si wewe umekufa, bana?"

"Mimi? Ndugu yako ndiye amekufa!"

"Ati nani? Si yure pale!"

Nikatazama. Zachary alikuwa amesimama barazani chini ya taa yake, inawaka mchana kweupe, uso umevimba kwa kulia. Alishuka ngazi moja, akasimama. Mkono mmoja ulikuwa unashika nguzo.

"Mama Nabwile," akasema, "umekufa lini?"

"Nani amekwambia nimekufa?"

"Hawa."

Wale walioanza kurudi wakamnyooshea kidole Wamukota. Wamukota akaulizwa nani alimwambia. Akainua kidole polepole na kuionyesha tyubu, na wote tukageuka kuitazama kana kwamba ingejitetea. Iliendelea kuvuma.

"Na wewe uliiweka nje kwa nini?" nikamuuliza Zachary. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na balbu.

Akainamisha macho. "Ukirudi na gari la jioni usitumbukie mtaroni," akasema. "Uliwahi kutumbukia."

Hayo tu. Wiki tatu nilingoja neno, nikapata mtaro.

Lakini Wamukota hakuwa na nafasi ya hayo. Kaburi limechimbwa, akasema, na kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu, litakuja kujichagulia lenyewe. Nikasema wazike tyubu. Zachary akakataa kwa sababu ya waranti, akasema wazike balbu. Balbu nikaikumbatia. Mwishowe tukazika mgomba, kama inavyofanywa kwa mtu aliyepotea na mwili wake usionekane. Mchungaji alirudi amechanika koti, akahubiri aliyokuwa ameyaandaa, na kila palipokuwa na jina langu akasema "mpendwa wetu" huku akinitazama kwa woga. Mimi na Zachary tuliketi safu ya mbele, wafiwa wote wawili. Watu walipita wakitupa mkono wa pole, mimi kwa kufiwa naye, yeye kwa kufiwa nami. Wanawake wa Tuwani walikula wakashiba na kusema kwamba hawajawahi kuona matanga mazuri namna ile.

Wakati wa kuosha vyombo mke wa Wamukota aliniambia, "Mama Nabwile, kumbe mzee anaweza kusema! Juzi alisema mpaka tukakosa pa kuficha uso."

"Alisema nini?"

Akafungua mdomo, na Wamukota akamkatiza kutoka huko alikokuwa. Maneno ya matanga, akasema, hayarudiwi kwa aliyeliliwa akiwa hai. Ni kumwita aende. Kama mila hiyo ilikuwepo kabla ya jioni ile, mimi sijui. Lakini Bokoli nzima iliishika. Niliuliza sokoni, nikauliza kanisani, nikampa mke wa Wamukota kuku mzima. Wote walinitazama kwa macho laini na kufunga midomo. Neno nililolitaka maisha yangu yote lilikuwa limesemwa, watu hamsini walikuwa nalo, na mimi peke yangu sina.

Nilimuuliza mwenyewe usiku ule. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake chini ya mita.

"Nilisema ya kawaida," akajibu. Kisha akainua macho ukutani. "Kumi na moja."

Nilibaki. Ukitaka ukweli, nilibaki kwa hasira, nikisema siku moja ulimi wake utateleza. Balbu niliiweka kabatini ndani ya kitambaa. Tyubu ya barazani haikuzimwa tena, kwa sababu Zachary alisema inakula kidogo kuliko panya, na watu wakazoea. Mgeni akishtuka barabarani aliambiwa, "Wacha, hiyo ni ya Mzee Zachary tu, hakuna aliyekufa."

Ulimi haukuteleza kwa miaka saba.

Mwaka wa tisini na nane, mwezi wa Agosti, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa nasonga ugali na sikusikia kumi na moja. Nikangoja kidogo. Nikatoka jikoni na mwiko. Alikuwa kwenye kiti chake, miwani imeshuka puani, kichwa kimeegemea ukuta chini ya mita. Mkono wake ulikuwa bado na joto.

Nikafungua kinywa kulia, sauti ikakataa. Nilikuwa nimeshamlilia yote, juu ya magunia. Sikuweza kumwacha peke yake nikavuke kijito, maana maiti haiachwi. Nikatazama nje. Taa nyeupe ilikuwa inawaka barazani, na watu walikuwa wanapita barabarani kutoka sokoni wakiongea na kucheka, na hata mmoja hakugeuza shingo.

Nikaenda kabatini. Nikafungua kitambaa, nikapanda stuli. Holda ya zamani ilikuwa bado inaning'inia pale, imejaa buibui. Nikaizima tyubu, nikaisukuma balbu ndani, nikaizungusha, nikabonyeza swichi. Baraza likawa la manjano.

Dakika tano hazikupita. Wamukota alivuka kijito bila viatu, nyuma yake wake zake, na kutoka barabarani wale waliokuwa wanacheka wakaja wameshika midomo. Hakuna aliyeuliza nani; wote walijua ni nani aliyekataza balbu ile isiwashwe.

Alipokwisha kumfunga ndugu yake macho, Wamukota alikuja akaketi nami. Alikuwa mzee sasa.

"Shemeji," akasema, "sasa naweza kukwambia. Ure mwaka, Zachary arisema hivi. Arisema ire mita hajawahi kuisoma hata siku moja. Macho yake yarikuwa yameharibika tangu Kitale, sahani haoni, namba haoni. Arisema kumi na moja ni namba tu aripenda. Arisema anakaa pale kwa sababu ukikaa pale unaona mlango wa jikoni, na kwamba tangu uende hajui atazame wapi."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimwita Zachary mpumbavu mbele ya wote: miaka saba amenificha, na sasa maneno hayo yatanisaidia nini? Wakaniacha niseme. Wanaume walikuwa wamekwisha kumlaza chumbani, na kiti kilikuwa kitupu.

Nikakikalia. Kutoka pale jiko huonekana lote: meko, sufuria ya ugali niliyoiacha, stuli yangu ya kusongea. Nilikaa nikilitazama hadi watu wakaanza kuimba.